Bata Bukini Mwenye Kilema: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Tunu, bata bukini wangu, yuko mwaka wa sita na mguu wake wa kulia haujanyooka tangu alipokuwa kifaranga. Anachechemea, anapumzika, anaendelea. Geti likiguswa usiku yeye ndiye anayepiga kelele kabla ya mbwa. Alipokuwa kifaranga, kila aliyepita uani alinipa ushauri uleule: mchinje mapema. Haya nawaandikia waliokataa ushauri huo kama mimi, kwa sababu maswali wanayoniletea yanafanana mno, na mengi yana majibu.

Kabla ya kugusa chochote jiulize swali moja: tangu lini? Kilema alichoanguliwa nacho, au kilichojengeka taratibu wiki kwa wiki, mara nyingi kimeletwa na sakafu, chakula au mifupa iliyokua vibaya, na una muda wa kukagua. Lakini bata aliyetembea vizuri jana na leo amelala chali au shingo imepinda, huyo hana kilema. Ana ugonjwa, sumu au mvunjiko, na saa zinahesabika.

Jifunze pia kumshika. Usimnyanyue kwa mguu, kwa bawa wala kwa shingo. Pitisha mkono chini ya kidari, mbawa zikiwa zimekunjwa na kubanwa ubavuni mwako, kichwa kikielekea nyuma yako. Nimeona vilema vilivyotengenezwa na mikono ya watu waliotaka kusaidia.

Kifaranga miguu imetawanyika, hawezi kusimama

Hii ni ya siku chache za mwanzo. Miguu inateleza kushoto na kulia, kifaranga amelalia tumbo kama chura.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida kuliko vyote, ni sakafu inayoteleza: gazeti, plastiki, vigae, boksi lililolowa. Toa hayo yote, tandika gunia safi au taulo kuukuu lisilo na nyuzi ndefu za kumnasa vidole. Wengine wanaanza kujikaza siku hiyohiyo, na hapo kazi yako ni ndogo. Chanzo kinachofuata ni kuanguliwa kwa shida, hasa kwenye mashine yenye joto au unyevu usio sawa, au yai lililovunjwa na mtu aliyekosa subira. Cha mwisho ni mama aliyekula vibaya kipindi cha kutaga, hata yai likatoka na upungufu wa vitamini.

Kama gunia peke yake halikutosha, mfunge pingu laini. Chukua plasta ya kitambaa, ikate nyembamba kama sentimita moja, zungushia pamba au shashi kila mguu juu kidogo ya vidole, kisha unganisha miguu miwili ili ikae chini ya nyonga, kama kifaranga mzima anavyosimama. Isibane. Vidole vikibadilika rangi au kuvimba, fungua papo hapo. Kifaranga wa bata bukini anakua kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo fungua na ufunge upya kila siku. Siku tatu hadi tano kwa kawaida zinatosha. Muda wote huo maji yawe kwenye chombo chenye kina kifupi, kwa sababu aliyefungwa miguu anaweza kuzama kwenye bakuli. Na asipoe: wiki ya kwanza anahitaji kama nyuzi joto 32, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki.

Wiki imepita na hakuna mabadiliko? Au mguu mzima umegeuka kuanzia nyonga? Acha pingu, tafuta daktari wa mifugo.

Vifundo vimevimba, miguu imepinda kama upinde, anakaa kuliko anavyotembea

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokosea mwenyewe kwa Tunu.

Kile tunachokiita goti la bata, kinachopinda kuelekea nyuma, ni kifundo cha mguu. Kikivimba pande zote mbili kwa kifaranga wa kati ya wiki moja na nane, na miguu ikaanza kupinda, shuku kwanza upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Chakula cha vifaranga wa kuku kinatengenezwa kwa mahitaji ya kuku: kuku wa nyama anatosheka na takriban miligramu 35 za niasini kwa kilo ya chakula, ilhali kifaranga wa bata bukini anahitaji kama 65. Unampa mfuko uleule unaowapa kuku, kuku wananawiri, bata anapinda.

Tatizo linazidi kwetu tunaolisha pumba za mahindi. Mahindi yana niasini, lakini nyingi imefungika kiasi kwamba tumbo haliipati. Ndiyo sababu binadamu waliokula mahindi matupu kwa muda mrefu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, wakati watu wa Meksiko, waliochemsha mahindi yao kwa chokaa tangu kale, waliepuka balaa hilo. Mimi nilimlisha Tunu pumba na makombo ya ugali kwa mwezi mzima nikijisifu kwamba anashiba.

Kagua kwanza: anakula nini, kwa majina, si "chakula cha bata". Kisha anza marekebisho siku hiyohiyo bila kusubiri uhakika, kwa sababu niasini ya ziada hutoka na mkojo. Iliyo nzuri zaidi ni hamira ya bia, ile ya unga iliyokwisha kufa, kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha chakula. Hamira hai ya kuumulia maandazi usiitumie. Ukikosa hamira ya bia, duka la dawa za mifugo lina vitamini B za kuyeyusha kwenye maji. Soma lebo uhakikishe niasini au nikotinamidi imo. Dagaa waliosagwa wanasaidia, ila wasiwe na chumvi nyingi. Majani mabichi yawepo kutwa.

Karanga zina niasini tele, lakini sizishauri. Karanga na mashudu yake hushika sumukuvu, na jamii ya bata inadhurika na sumu hiyo upesi kuliko kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na hapo ndipo wanasayansi walipoanza kuifahamu sumukuvu. Mahindi yenye ukungu nayo ni hivyohivyo. Usiseme "ni ya mifugo tu".

Chanzo cha pili ni uzito. Kifaranga aliyejazwa chakula cha broila ananenepa kabla mifupa haijakomaa. Mpunguzie nafaka, mwongezee nyasi na mwendo. Maji ya vuguvugu ndani ya karai, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, yanamwezesha kupiga miguu bila kubeba mwili. Simama naye palepale, kisha mkaushe kabisa, kwa kuwa kifaranga aliyelelewa bila mama hana mafuta ya kutosha kwenye manyoya na maji yanampenya.

Chanzo cha tatu ni nadra kidogo lakini hakingoji: kano kuteguka. Kano kubwa ya nyuma inachomoka kwenye mfereji wake pale kwenye kifundo. Unaitambua hivi: mara nyingi ni mguu mmoja, kifundo kimevimba na nyuma yake kimekuwa bapa, mguu haunyooki hata ukisaidiwa, na kifaranga analia ukimgusa. Upungufu wa manganizi, kolini au biotini, uzito, na kuvutwa mguu vyote vinaweza kuleta hali hii. Usijaribu kunyoosha. Mweke kwenye boksi finyu lenye kitambaa ili asijipige, mpeleke kwa daktari siku hiyo. Kano ikirudishwa mapema inaweza kushika. Ukichelewa inasinyaa, na mguu unabaki hivyo maisha.

Ndivyo ilivyobaki kwa Tunu. Nilisubiri Jumatatu.

Bawa limetoka nje, manyoya yanaelekea angani

Wafugaji wengi duniani wanaliita bawa la malaika. Kiungo cha mwisho cha bawa kinageuka, na yale manyoya marefu yanachomoza pembeni badala ya kulala mgongoni. Linaweza kuwa bawa moja au yote mawili.

Linatokea pale manyoya mapya yanapokua. Yanakuja yakiwa na damu ndani, mazito, na kiungo chembamba cha kifaranga hakijawa na nguvu ya kuyabeba. Ukimlisha chakula chenye nguvu nyingi, manyoya na mwili vinakimbia na kiungo kinabaki nyuma. Kwa hiyo angalia chakula kwanza. Wiki tatu za mwanzo protini ya asilimia 20 hadi 22 inafaa. Baada ya hapo ishuke hadi kama 15, na nyasi ziwe ndizo chakula kikuu. Mikate, chapati na wali uliobaki si chakula cha bata anayekua, hata akivipenda namna gani.

Ukiliona mapema, yaani bado kifaranga na manyoya ndiyo yanatoka, kunja bawa kama linavyokunjwa kawaida, lizungushie bendeji laini lenyewe kwa lenyewe, siku tatu. Fungua, mwache apige mbawa, tazama. Likianza kudondoka tena rudia. Usizungushe bendeji kifuani kwa kubana: ndege hana kiwambo kama chetu, anapumua kwa kupandisha na kushusha kidari, na ukikibana unamnyonga polepole.

Kwa bata aliyekomaa bendeji haina kazi. Mfupa umeshakaa. Bawa hilo halimuumi, na bata bukini mzito wa kufugwa hata hivyo haruki mbali. Ziba mashimo ya seng'enge yanayoweza kulinasa. Manyoya yakikwaruza na kumtoa damu unaweza kuyapunguza, ila tazama kikonyo: kikiwa cheupe na kikavu, kata, kikiwa cheusi au cha zambarau kina damu, usiguse. Kuna wanaouliza kuhusu kukatwa kiungo hicho. Hilo ni la daktari peke yake, tena kwa ganzi.

Shingo imepinda au imelegea

Tofautisha mambo mawili haya, yasichanganywe. Shingo *iliyopinda* imekakamaa: kichwa kinatazama juu au nyuma, bata anazunguka. Shingo *iliyolegea* haina nguvu: kichwa kinalala chini kama kamba.

Iliyopinda kwa kifaranga, anza na vitamini. Upungufu wa vitamini E na seleniamu, au vitamini B1, unaleta hali hii. Duka la dawa za mifugo wana mchanganyiko wa E na seleniamu. Fuata kipimo cha lebo bila kuongeza hata tone, kwani seleniamu ikizidi ni sumu. Kinachofuata ni pigo la kichwa: amekanyagwa, amejigonga, ameumwa na mbwa. Halafu maambukizi ya sikio. Funua manyoya nyuma ya jicho uone kama kuna usaha au harufu. Baada ya hapo kagua uwanja. Betri chakavu, rangi za zamani, chubwi za wavuvi: bata anaokota vitu hivi akidhani ni changarawe, na madini ya risasi (ledi) yaliyomo yanamwingia mwilini. Kinyesi cha kijani kibichi pamoja na unyonge ni ishara mbaya, na dawa ya sumu hiyo ya risasi haiuzwi dukani.

Muda wote shingo imepinda, mwekee maji kwenye chombo chembamba kirefu anachoweza kukifikia, na usimwache karibu na bwawa. Atazama mbele ya macho yako.

Kabla hujaenda mbali, waulize majirani: kuna kuku wanaokufa? Kideri hupinda shingo za kuku, na bata bukini, ingawa mara nyingi hawaugui sana, wanaweza kukibeba. Mafua makali ya ndege nayo yanagusa ubongo wa bata. Wakifa zaidi ya mmoja kwa siku chache, acha tiba za nyumbani. Usichinje, usigawe nyama, usishike mizoga kwa mikono mitupu. Mwite afisa mifugo wa kata.

Iliyolegea, hasa kipindi cha joto na maji yaliyotuama, shuku sumu ya botulini. Inaanza miguuni, inapanda kwenye mbawa, inafika shingoni. Chanzo chake ni mizoga iliyooza, funza waliokula mizoga hiyo, na matope yenye majani yaliyovunda. Mtoe hapo, mweke kivulini, mwinue kichwa kwa taulo, ita daktari haraka. Usimmiminie maji mdomoni. Asiyeweza kumeza atavuta maji mapafuni.

Mkubwa mwenye kilema cha zamani ameanza kuchechemea zaidi

Kilema chenyewe ni nadra kumuua bata. Kinachomuua ni kile kinachofuata nyuma yake, na kidonda cha unyayo ndicho kinachoongoza. Bata anayeukwepa mguu mbovu anauegemea mzima, na huo mzima ndio unaopasuka. Kwa hiyo geuza miguu *yote miwili*, osha, tazama chini.

Miiba, vioo na mikato ndivyo vya kwanza kuangalia. Kisha tafuta kigaga cheusi cha duara katikati ya unyayo. Kikiwa kidogo na unyayo haujavimba, loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi dakika kumi na tano, kausha, paka ayodini, funika kwa shashi na plasta, rudia kila siku. Usikikate kwa wembe. Mtu mmoja aliniambia alikamua "jiwe" likatoka zima; wiki mbili baadaye mguu wote ulikuwa umevimba. Ukiona uvimbe umepanda kwenye vidole au kifundo, joto, harufu, au bata amesusa chakula, hiyo ni kazi ya daktari.

Huku unatibu, badilisha sakafu, vinginevyo unatwanga maji kwenye kinu. Saruji tupu ni adui wa bata mlemavu. Tandika maranda au nyasi kavu kwa unene wa kiganja, toa zilizolowa kila siku. Angalia na mfupa wa kidari, kwa kuwa anayekaa sana anachubuka pale, na huku kwetu nzi hawachelewi kutaga. Kidonda chenye funza kisafishwe siku hiyohiyo.

Uzito nao upime. Mtie kwenye kapu, ning'iniza kwenye mizani ya sokoni kila mwezi, andika. Bata bukini wa Kichina ana kilo 4 hadi 5, wa aina kubwa anaweza kufika 9 na zaidi, lakini nambari ya maana ni yake mwenyewe mwezi uliopita.

Jike akilegea miguu ghafla, huku akijikamua na kutikisa mkia, huenda yai limekwama na kugandamiza mishipa ya fahamu. Maji ya vuguvugu mpaka tumboni kwa nusu saa yanaweza kumsaidia. Yasiposaidia siku hiyo, daktari. Usiingize kidole ukalivunja.

Dawa za maumivu za binadamu usimpe. Diklofenaki, ambayo iko karibu kila nyumba, iliwafyeka tumbusi wa Bara Hindi waliokula mizoga ya ng'ombe waliodungwa dawa hiyo, mpaka India ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006.

Mdomo umepishana

Mara nyingi ni wa kuzaliwa nao. Bata bukini hukata nyasi kwa kingo za mdomo zenye meno kama msumeno, na zisipokutana hawezi kula malishoni. Mkatie majani vipande vidogo, changanya na chakula kilicholowa, weka kwenye bakuli lenye kina ili achote. Ncha iliyozidi isugue taratibu kwa tupa ya kucha kila baada ya wiki kadhaa. Usikate, ndani kuna damu.

Hana unyayo au amepoteza mguu

Kinachokuja kichwani mwangu ni Andy, bata bukini wa Nebraska, Marekani, aliyeanguliwa mwaka 1987 bila nyayo kabisa. Gene Fleming, mzee wa mji wa Hastings, alijaribu kwanza kumpandisha kwenye ubao wa magurudumu, ikashindikana. Ndipo akampatia viatu vya mtoto mchanga vilivyojazwa sponji, na bata akatembea. Akajulikana nchi nzima, hadi kwenye televisheni. Mwaka 1991 watu walimwiba wakamuua.

Wazo la viatu ni zuri kwa kipande kilichofunikwa na ngozi nzima, ngumu, isiyo na kidonda. Sponji ibadilishwe ikilowa, kiatu kivuliwe usiku, ngozi ikaguliwe kila siku. Kama kipande kina damu, usaha au mfupa unaoonekana, hakuna kiatu. Na mfungie ndani usiku. Asiyeweza kukimbia ni rahisi kwa mbwa, nguchiro na mwizi.

Wenzake wanamwonea

Tenganisha kwa wavu ili waonane na kusikiana. Bata bukini wa peke yake ananyong'onyea. Mchagulie mwenzi mmoja mpole. Dume zito lisimpande jike mwenye nyonga mbovu, hasa majini ambako anaweza kumzamisha. Chimbia karai la kuogea ardhini, panga matofali ndani na nje yawe ngazi, maji yafike kidarini. Wekea vyombo viwili vya chakula, kimoja mbali na kingine, ili mwenye kuchechemea asisubiri zamu.

Unapompeleka kwa daktari

Piga simu kwanza uulize kama yupo anayetibu ndege. Wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Walio karibu na vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo wana bahati: SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi kampasi ya Kabete, Makerere kule Kampala. Mweke kwenye tenga lenye nyasi, funika nusu kwa khanga apate giza na hewa, mguu mbovu usining'inie nje. Kwenye bodaboda tenga lifungwe nyuma, usimpakate. Chukua sampuli ya chakula chake kwenye mfuko, na kinyesi cha asubuhi. Andika kwenye karatasi tarehe uliyoona dalili ya kwanza, maana ukifika pale atakuuliza kwanza: tangu lini?